Kununua Kadi ya Kompyuta kwa Mtu Usiyemjua

Namwomba katibu wa kila kikundi awe na kalamu na daftari karibu, maana mwisho wa somo nitatoa maswali ya kujadiliana.

Somo letu la leo lahusu biashara mpya yenye hatari ya zamani. Siku hizi vijana wetu wa Mwika, Marangu na Himo hununua vitu kwa njia ya simu kutoka kwa watu ambao hawajapata kuwaona hata siku moja. Hununua simu, kompyuta, na vipande vya kompyuta vilivyokwisha kutumika. Leo nitasema juu ya kipande kimoja tu, nacho ni kadi ya grafiki. Pengine mzee mmoja atauliza, "Mimi ni mkulima wa kahawa na migomba, kadi hiyo yanihusu nini?" Yakuhusu, mzee wangu, kwa sababu fedha za kununulia kadi hiyo mara nyingi hutoka mfukoni mwako, au katika kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa.

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Kadi ya grafiki ni kibao chenye feni kinachochomekwa ndani ya kompyuta. Kazi yake ni kutengeneza picha zinazoonekana kwenye kioo. Mtu anayeandika barua haihitaji sana. Lakini mtu anayetengeneza video za harusi na kipaimara aihitaji, maana kompyuta isiyo na kadi nzuri hufanya kazi hiyo polepole mno. Kadi mpya ni ghali, na kwa hiyo watu wengi hutafuta iliyotumika.

Sasa nitawasimulia habari ya kijana mmoja, jirani yangu. Ameniruhusu niseme habari zake, ila nisimtaje jina. Kijana huyu hupiga picha za harusi na kipaimara. Nanyi mwajua jinsi kazi hiyo inavyozidi mwezi wa Desemba, wakati ndugu zetu wa mijini wanaporudi nyumbani kwa sikukuu. Mwaka mmoja, mwezi wa Novemba, aliona tangazo katika simu. Mtu aliyesema yuko Dar es Salaam alikuwa anauza kadi kwa shilingi 280,000, na wengine waliuza kadi ya namna hiyo kwa zaidi ya shilingi 400,000. Kijana alipoomba muda wa kufikiri, muuzaji akamwambia, "Kaka, watu watatu wanaisubiri. Tuma hela sasa, mzigo upande basi la kesho asubuhi."

Basi kijana alikopa katika kikundi cha mama yake, akatuma fedha. Mzigo ulifika Moshi kweli. Alifungua boksi akaikuta kadi, safi, yenye kibandiko kilichoandikwa jina lile lile la kwenye tangazo. Aliichomeka, na kompyuta nayo ikasoma jina hilo. Akafurahi sana. Siku nne baadaye, alipokuwa akitengeneza video ya harusi, kioo kikawa cheusi. Akaiwasha tena, ikazima tena. Fundi wa Moshi mjini alipoifungua, aliona kwamba ndani ni kadi ya zamani sana, iliyovalishwa nguo ya kadi nyingine. Simu ya muuzaji haikupatikana tena. Wazazi wa bwana harusi walingoja video yao mpaka Februari, na deni la kikundi lililipwa na mama yake, kidogo kidogo, kwa ndizi alizouza sokoni.

Katika mkutano wa kikundi, bibi mmoja mzee alimwuliza kijana, "Mwanangu, je, ungenunua ng'ombe kwa picha?" Kijana hakuwa na jibu.

Ndugu zangu, swali la bibi yule ndilo somo letu lote. Anayenunua mbuzi hufungua kinywa chake na kutazama meno. Anayenunua koti katika soko la mitumba la Memorial, kule Moshi, huligeuza ndani nje, akakagua mishono na zipu. Na ninyi wakulima wa kahawa, tangu siku za babu zetu walioanzisha chama cha KNCU mwaka 1933, hupeleka mzigo kwenye mizani ndipo mkaandikiwa fedha. Ukaguzi hutangulia, malipo hufuata. Lakini mtu yule yule aliye mwangalifu sokoni, akishika simu husahau desturi hiyo. Hutanguliza fedha, kisha hungoja ukaguzi.

Sasa tutazame jinsi watu wanavyodanganywa. Njia ya kwanza ni nyepesi: fedha zaenda, mzigo hauji. Muuzaji aweza hata kutuma picha ya risiti ya basi, nayo ni ya mzigo wa mtu mwingine.

Njia ya pili ndiyo iliyompata jirani yangu. Ndani ya kadi kuna maagizo yanayoiambia kompyuta jina la kadi na ukubwa wa kumbukumbu yake. Mdanganyifu huyafuta maagizo hayo na kuandika mengine, hata kadi ya zamani ikajitambulisha kwa jina la kadi mpya zaidi. Kompyuta husadiki tu inachoambiwa. Uongo hujulikana pale kadi inapopewa kazi nzito, kwa maana jina hubadilishwa, lakini nguvu haibadilishwi.

Njia ya tatu si uongo kamili, bali ni kuficha uchovu. Kwa miaka kadhaa watu wengi duniani walitumia kadi hizi kutafutia fedha za kidijitali, hasa ile iitwayo Ethereum. Kadi hizo zilifanya kazi usiku na mchana bila kupumzika. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ilibadili utaratibu wake, na kazi ile ya kadi ikakoma. Ndipo kadi nyingi zilizochoka zilipomwagika sokoni. Si kwamba kila moja ni mbovu. Nyingine zaweza kufanya kazi miaka mingi bado. Lakini feni zake huwa zimelika, na ule urojo wa kupitisha joto huwa umekauka. Asiyeuliza haambiwi.

Tena iko hatari ya nne, nayo ni mali ya wizi. Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu yamshika anayepokea mali hali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Bei ndogo kupita kiasi yaweza kuhesabiwa kuwa sababu hiyo. Na mwenye mali akipatikana, wewe wapoteza kadi na fedha pia.

Wazee wenzangu, msidhani kwamba jambo hili ni la vijana peke yao. Bila shaka mwakumbuka tarehe 16 Juni 2016, siku ambayo Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA, ilizima simu bandia nchini kote. Watu wengi waliokuwa wamenunua simu kwa bei ya kuvutia waliamka wakiwa na simu zisizopiga wala kupokea. Hao nao walinunua jina lililoandikwa juu, hawakukagua kilichomo ndani. Simu ina namba yake ya utambulisho, nayo huonekana ukibonyeza *#06#. Kadi ya grafiki haina namba ya kukaguliwa na serikali. Kwa hiyo hapana budi mnunuzi aikague mwenyewe.

Je, ataikaguaje? Katibu, andika hapa.

Kwanza, pima kompyuta yako kabla ya kutafuta kadi. Kompyuta nyingi zilizotumika tunazonunua zilikuwa za ofisini, nazo ni nyembamba, na pawa saplai yake ni ndogo. Tundu la kuchomekea kadi hutoa wati 75 tu. Kadi inayotaka zaidi ya hapo huhitaji waya wake wa umeme kutoka pawa saplai. Kwa mfano, kadi ya GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 hutosheka na wati 75, lakini RTX 3060 ya mwaka 2021 yataka wati 170. Ukinunua kadi isiyolingana na kompyuta yako, umejidanganya mwenyewe kabla ya kudanganywa na mtu.

Pili, onaneni. Chagua muuzaji aliye Moshi au Arusha, hata kama bei yake imezidi kidogo. Kutaneni mchana, kwenye duka la fundi wa kompyuta, wala si njiani. Kama muuzaji yuko mbali, umwombe ndugu au rafiki aliyeko huko aende kukagua. Ni nani kati yetu wa Mwika asiye na ndugu Dar es Salaam?

Tatu, ichomeke na kuifanyisha kazi. Iko programu ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo huonyesha habari za kadi, na imefundishwa kuzitambua kadi nyingi za bandia. Itumie. Kisha ipe kadi kazi nzito kwa muda wa nusu saa. Tazama kama kioo chaonyesha madoadoa, sikiliza kama feni yalia, na tazama joto. Kadi nyingi zikifanya kazi nzito hupata joto la nyuzi 60 hata 80 na kitu. Ikipita nyuzi 90 na bado yapanda, mrudishie mwenyewe.

Nne, lipa mwisho. Kabla ya kuthibitisha malipo, soma jina linalojitokeza kwenye simu, ulilinganishe na jina la mtu aliye mbele yako. Mwombe risiti iliyoandikwa kwa mkono, yenye jina lake, namba ya simu, tarehe, na namba iliyobandikwa kwenye kadi. Mtu mwema hatakataa.

Tano, anayekuharakisha mwache. Maneno ya kwamba watu watatu wanaisubiri ni mjeledi wa kukukimbiza upite bila kutazama.

Na ikiwa umekwisha kudanganywa, usione haya ukanyamaza. Piga simu mara moja kwa mtandao uliotumia kutuma fedha, maana fedha zikishatolewa kwa wakala ni vigumu mno kuzirudisha. Usifute ujumbe wowote. Peleka habari polisi, kwa sababu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yahusika na udanganyifu wa namna hiyo. Ujumbe wa kitapeli waweza pia kuutuma TCRA kwa namba 15040. Jirani yangu alinyamaza wiki mbili kwa aibu, na wiki hizo mbili zilimfaa mdanganyifu peke yake.

Sisemi vijana waache kununua vitu vilivyotumika. Kijana yule sasa anayo kadi nyingine iliyotumika. Aliinunua Moshi kwa shilingi 380,000, baada ya kuifanyisha kazi dukani kwa fundi kwa saa nzima, na mama yake ameketi kando yake akiwa ameshika pochi. Video za harusi zatoka kwa wakati.

Haya sasa maswali ya vikundi. La kwanza: je, katika kikundi chenu yuko mtu aliyetuma fedha asipate mali, au akapata isiyo sawa? Aeleze bila kuchekwa. La pili: kikundi kinapomkopesha mwanachama fedha za kununulia chombo, je, yafaa kikundi kimchague mtu wa kwenda kukikagua pamoja naye? La tatu: katika kijiji chenu, ni fundi gani mnayemwamini kwa kazi hiyo, na mtamlipa nini kwa taabu yake?