Uzembe si Uvivu
(Mazungumzo na wanakisomo wa Kihesa, Iringa)



Juma lililopita mzee mmoja alituuliza: "Mvivu na mzembe, si mtu yule yule?" Leo tunamjibu.

Tuandike ubaoni: ZEMBE. Hicho ndicho kiini cha neno. Tukiweka M mbele tunapata mtu: mzembe. Tukiweka U tunapata tabia yenyewe: uzembe. Ni sawa na mvivu na uvivu. Kitendo chake ni kuzembea. Mzembe ni mtu mlegevu, asiyejali kazi. Ndiyo maana wengi wetu tunamchanganya na mvivu.

Lakini mfikirieni mgema wa ulanzi. Mvivu haendi kabisa kwenye mianzi. Mwingine anakwenda asubuhi na jioni, anakata vizuri, ila chombo haoshi. Wanywaji wanaharisha. Huyo si mvivu, jamani. Huyo ni mzembe.

Sasa twende hospitali. Huko neno hili lina uzito mkubwa. Mwezi Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, walikuwepo wagonjwa wawili. Mmoja aliumwa goti, mwingine kichwa. Jina lao la kwanza lilikuwa moja. Basi wa goti akapasuliwa kichwa, na wa kichwa akapasuliwa goti. Yule wa kichwa alifariki dunia baadaye. Je, madaktari walikuwa wamelala? Hapana! Walifanya kazi, tena kazi ngumu. Kilichokosekana ni kuhakikisha kwanza huyu ni nani.

Huo ndio uzembe wa kazini: mwenye ujuzi kuacha uangalifu ambao kazi yake inamdai. Si kila mgonjwa akifa basi daktari amezembea. Magonjwa mengine yanashinda dawa. Lakini kumtibu mtu kwa uzembe hata kuhatarisha maisha yake ni kosa katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania. Malalamiko juu ya daktari hupelekwa pia Baraza la Madaktari Tanganyika.

Mama wa pale nyuma anasema: "Sisi tutamwulizaje daktari?" Mama, wewe sasa unajua kusoma. Ukipewa cheti au pakiti ya dawa, soma jina. Kama si lako, sema: "Samahani daktari, hili si jina langu."

Juma lijalo kila mmoja aje na cheti chake cha zamani, au pakiti tupu ya dawa. Tutasoma pamoja.