Malezi ya Vifaranga katika Bruda ya Nyumbani

Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi katika mkutano wa kata



Kifaranga wa siku moja huvaa manyoya malaika tu, na mwili wake hauwezi kujitunzia joto mpaka aote manyoya kamili, jambo linalochukua takriban wiki nne. Kwa kawaida joto hilo hulipata chini ya mbawa za mama. Mfugaji anayenunua vifaranga kwa wakala, au anayewatenga na mama yao ili kuku arudie kutaga mapema, amejitwika kazi ya mama huyo. Bruda, ambayo pia huitwa kinengunengu, ndiyo mbawa anazowapa.

Wapo wakazi walioanza ufugaji kwa mkopo usio na riba utokanao na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Kwa kikundi cha namna hiyo, usiku mmoja wa baridi unaweza kumaliza mtaji wote, na marejesho ya mkopo hubaki palepale. Kwa sababu hiyo bruda yapasa iwe tayari kabla fedha ya vifaranga haijatolewa mfukoni.

Kuitengeneza hakuhitaji fundi. Hadibodi au bati jepesi lenye kimo cha sentimita 45 hivi huzungushwa kuwa duara ndani ya chumba au banda lenye paa, lisiloingiwa na panya, paka wala nguchiro. Kwa vifaranga 100, duara lenye upana wa mita 2 linatosha kuanzia, kisha hupanuliwa kadiri wanavyokua. Umbo la duara lina sababu yake: vifaranga wakihisi baridi hukimbilia kona na kulaliana, na walio chini hukosa pumzi wakafa. Sakafuni humwagwa maranda makavu ya mbao au pumba za mpunga, kina cha sentimita 5 au zaidi. Magazeti matupu hayafai kuwa sakafu, kwa kuwa huteleza na miguu ya vifaranga hutanuka.

Chanzo cha joto chaweza kuwa balbu ya umeme, taa ya chemli, au jiko la mkaa. Huwashwa saa kadhaa kabla vifaranga hawajafika, ili maranda yenyewe yapate joto. Katika wiki ya kwanza kinachotakiwa ni nyuzi joto 32 hadi 35 za Selsiasi, kisha hupunguzwa nyuzi 3 hivi kila wiki. Asiye na kipimajoto anacho kipimo kingine bora, nacho ni vifaranga wenyewe. Wakijikusanya karibu na moto huku wakilia kwa sauti kali, wanaona baridi. Wakiukimbia moto na kuachama midomo, joto limezidi. Wakijibana upande mmoja wa duara, kuna upepo unaopenya upande wa pili. Wakitawanyika kotekote, wengine wakila na wengine wamelala, hali ni njema.

Jiko la mkaa ndilo linalotumika katika kaya nyingi, na ndilo lenye hatari kubwa zaidi. Mkaa unapoungua hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua vifaranga na huua watu pia. Mkaa uwashiwe nje mpaka ukolee na moshi uishe, ndipo jiko liingizwe. Jiko lizungushiwe kinga ya bati au matofali ili kifaranga asiungue na maranda yasishike moto. Sehemu ya juu ya ukuta iachwe na nafasi ya kupitisha hewa hata katika baridi ya Juni na Julai. Zaidi ya yote, bruda ya mkaa isiwekwe kamwe katika chumba wanacholala watu.

Vifaranga wakifika, hupewa kwanza maji safi yasiyo baridi, na chakula cha kuanzia hufuata. Chombo cha maji kiwe cha kina kifupi, au kiwekwe mawe safi ndani yake, maana kifaranga aliyelowa hupoteza joto upesi na aweza hata kuzama. Maranda yaliyolowa yaondolewe siku hiyo hiyo, kwani unyevu pamoja na joto huzalisha vimelea vya ugonjwa wa kuhara damu.

Bruda njema haimkingi kuku na kideri, kwa jina jingine mdondo. Kwa utaratibu uliozoeleka, chanjo ya kideri hutolewa siku ya 7, ya Gumboro siku ya 14, ya kideri hurudiwa siku ya 21, na baadaye kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja ya chanjo huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa kaya moja. Majirani wanaopanga siku moja ya kuchanja hugawana gharama, na hawaachi kaya isiyochanja katikati yao. Afisa mifugo wa kata ndiye wa kuonwa kuhusu upatikanaji wa chanjo na ratiba inayofaa kwa aina ya kuku waliopo.

Katika wiki mbili za kwanza, kaya ipange zamu ya kuamka saa 8 usiku, wakati mkaa unapofifia na baridi inapozidi. Atakayekuwa zamu asikilize kwanza kabla ya kufungua mlango. Kelele kali ni dalili kwamba vifaranga wanahitaji joto wakati huo huo; wakisubiri mpaka alfajiri, atakuwa amechelewa.