Ndege Anayejifunza Mila za Watu



Mwishoni mwa karne ya 16, mmisionari Mreno aitwaye João dos Santos, akiwa Sofala katika Msumbiji ya leo, alishuhudia ndege wadogo wakiingia kanisani kudonoa mishumaa. Mishumaa hiyo ilikuwa ya nta ya nyuki. Katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1609 alieleza pia kwamba ndege hao huwaongoza watu porini mpaka penye asali.

Ndege mwenyewe ni mlembe. Uzito wake ni gramu 50 hivi, rangi yake ya kufifia, na sidhani kama kuna mtalii aliyewahi kusimamisha gari kwa ajili yake. Ajabu yake imo tumboni: anakula nta na kuimeng'enya, jambo wanaloliweza wanyama wachache mno. Lakini nta hiyo imo ndani ya shina la mti, na wenyewe, yaani nyuki, wana miiba. Mlembe anajua nyuki walipo, ila hana shoka wala moto. Mrina asali anavyo vyote viwili, ila hajui nyuki walipo.

Akimwona mtu, mlembe humsogelea akipiga kelele za harakaharaka, kama mtu anayetikisa kiberiti. Ukimfuata anaruka hadi mti wa mbele, anatua, anaita tena. Manyoya meupe ya pembeni mwa mkia yanakuonyesha alikoelekea. Kaskazini mwa Kenya, warina asali wa Kiborana walikuwa wakisema kwamba ndege huyo hawaonyeshi njia tu, bali umbali pia. Mwanzoni hutoweka kwa muda, na akikawia kurudi, ujue safari ni ndefu. Kadiri mnavyokaribia, vituo vyake vinakuwa karibukaribu na anatua chini zaidi. Mtafiti Mkenya Hussein Isack, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, aliyapima madai hayo moja baada ya jingine, na makala yao ikatoka katika jarida la Science mwaka 1989. Wazee walikuwa wanasema kweli. Bila ndege, kutafuta kiota kimoja cha nyuki kulichukua wastani wa saa 8.9; kwa kumfuata ndege, saa 3.2. Huwa nawahimiza wanafunzi wangu waisome makala hiyo hata kama hawapendi ndege, maana ni mfano mzuri wa mtafiti aliyeyachukua maneno ya wenye ujuzi kama hoja za kupimwa, badala ya kuyaweka kwenye sura ya ngano na imani.

Na mawasiliano hayaendi upande mmoja. Katika hifadhi ya Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, warina asali wa Kiyao humwita mlembe kwa mtetemo mrefu wa midomo unaomalizikia kwa mguno mfupi: brrrr-hm. Wanasema walijifunza kwa baba zao. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, mtafiti Claire Spottiswoode na wenzake walitembea porini wakicheza sauti zilizorekodiwa. Kwa sauti nyingine, uwezekano wa kupata ndege wa kuwaongoza ulikuwa asilimia 33. Kwa mwito wa Wayao ukapanda hadi 66. Ndege wa mwituni, ambaye hajafugwa wala kufunzwa na mtu, alikuwa anajua mwito ule unamaanisha nini.

Kaujulia wapi? Hapa ndipo kisa kinapoanza kunoga. Mlembe halelewi na wazazi wake. Mama hutaga katika kiota cha ndege mwingine, kwa mfano keremkerem mdogo, ambaye huko Zambia huchimba kiota chake kwenye dari la pango la muhanga. Kabla ya kuondoka, mama mlembe huyatoboa mayai ya mwenyeji. Yakisalimika na kuanguliwa, kinda la mlembe, likiwa bado kipofu na halina unyoya, huwang'ata na kuwatikisa makinda wenzake gizani mpaka wafe. Limezaliwa na kulabu mbili kali kwenye ncha ya mdomo, na kulabu hizo hutoweka baadaye. Likitoka shimoni halijapata kumwona mama yake akimwongoza mtu, na walezi wake hawana habari za nta. Tamaa ya kuongoza yaweza kuwa ya kuzaliwa. Mwito wa Wayao hauwezi.

Jibu kwamba hujifunza kutoka kwa watu lilipata uzito mwaka 2023. Wahadza wa vilima vya Kidero, karibu na Ziwa Eyasi hapa Tanzania, hawatetemeshi midomo. Wao hupiga mluzi wenye mahadhi. Spottiswoode na mtafiti mwenzake Brian Wood walizijaribu sauti zote mbili kote kuwili. Ndege wa Kidero waliuitikia mluzi wa Kihadza zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Kiyao. Wale wa Niassa waliuitikia mwito wa Kiyao karibu mara mbili ya mluzi. Ndege ni wa spishi ileile. Kinachotofautiana ni mila za majirani zao. Tumezoea kufundisha kwamba mazingira ya mnyama ni mvua, chakula na adui. Kwa mlembe, ongezeni desturi za watu.

Malipo nayo hayafanani. Wayao humwekea ndege nta juu ya majani mabichi. Wahadza mara nyingi huichoma au kuifukia, ili abaki na njaa na kuendelea kuongoza. Wanaokimbilia kuuita uhusiano huu urafiki wangeanza kwa kulitafakari hilo.

Basi hoja yangu kwa wahifadhi ni hii. Penye marufuku ya kurina asali, na penye sukari dukani, mlembe atabaki, lakini hatakuwa na wa kumwita. Tutakuwa tumehifadhi spishi na kuipoteza tabia, na hakuna hesabu ya wanyama itakayoonyesha hasara hiyo. Niassa imekuwa maabara nzuri kwa sababu watu wanaishi ndani ya hifadhi. Wayao wako pia upande wetu wa mto Ruvuma, huko Tunduru na Masasi. Idara yangu ingefanya vyema kuanzia huko, kwa kuwauliza wazee wanamwitaje ndege huyu, na kuingia nao porini na kinasa sauti.