Njoo na Bua la Mahindi: Msimu wa Mavuno na Nafasi ya Mzazi Katika Kituo cha Watoto

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wazazi na walezi wa kituo cha kulelea watoto, mtaani Kipsongo, Kitale



Kazi yangu katika serikali ya kaunti ni kuandika. Mara nyingi maneno ninayoandika husomwa na mtu mwingine jukwaani, nami hukaa nyuma nikiwa na kamera. Leo nimeombwa nisimame mwenyewe. Mkiona karatasi hii inatetemeka, msinicheke sana.

Nianze na msimu wenyewe. Wenzetu wa Pwani wakitaja vuli, wanamaanisha mvua fupi. Ulaya, wakati huu majani ya miti hugeuka rangi na kupukutika, baridi ikianza kuuma. Sisi wa Trans Nzoia tunaujua msimu huu kwa mahindi yaliyokauka shambani, magunia yaliyopangwa kando ya barabara, na turubai zilizotandazwa kila penye jua. Ni wakati wa mavuno. Kwa mwenye shamba, ni wakati wa kuhesabu magunia. Kwa wengi wenu hapa Kipsongo ambao hamna shamba, ni wakati wa kibarua: kukata mabua, kuvunja mahindi, kupukuchua, kubeba. Mama anaamka saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu gari la vibarua halimngoji mtu.

Hapo ndipo swali linapokuja: mtoto anabaki na nani?

Mwalimu yeyote wa chekechea katika maeneo ya kilimo atawaambia kwamba mavuno yakianza, mahudhurio hupungua. Kuna watoto wanaobebwa hadi shambani na kulazwa kando ya mashine ya kupukuchua. Kuna wanaoachiwa dada yao wa darasa la tano. Na huyo dada naye ni mtoto. Muhula wa tatu ni mfupi. Akikosa wiki mbili, amekosa sehemu kubwa ya masomo yake. Kwa hivyo ninapolitazama darasa hili, naona watoto wawili kwa kila kiti. Wa kwanza ni huyu mdogo anayecheza hapa. Wa pili ni yule mkubwa aliye shuleni saa hii kwa sababu mdogo wake yuko mahali salama.

Ndiyo maana Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliwapa magatuzi jukumu la elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Kazi hii ni yetu sisi serikali ya kaunti, wala sitaki mzazi yeyote atoke hapa akidhani nimekuja kumtwika mzigo wetu. Lakini kuna sehemu moja ya kazi hii ambayo hakuna bajeti inayoweza kuinunua. Sehemu hiyo ndiyo iliyonileta.

Niwasimulie kosa langu. Mwalimu wa mtoto wangu aliwahi kutuomba wazazi tufike darasani asubuhi moja, kila mmoja afundishe wimbo au mchezo aliocheza utotoni. Mimi nilikuwa na mkutano. Nikatuma pesa kwa simu, za kununulia watoto maziwa, nikaridhika kwamba nimetimiza wajibu wangu. Jioni nikamuuliza mtoto siku ilikuwaje. Hakutaja maziwa. Aliniambia kwamba nyanya ya mwenzake alikuja akawafundisha kusokota kamba kwa nyuzi za mkonge. Kisha akaniuliza, "Mama, wewe hujui kitu cha kufundisha?"

Swali hilo liliniuma kuliko lawama yoyote. Nimelileta hapa kwa sababu najua wapo wazazi Kipsongo wanaojiuliza vilevile kimoyomoyo: "Mimi sikusoma, sina pesa, nitaenda kufanya nini kwa mwalimu?" Jibu ni kwamba una mengi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo kuhusu malezi ya watoto wadogo. Walitaja mambo matano ambayo mtoto anahitaji: afya njema, lishe bora, usalama, nafasi ya kujifunza mapema, na mtu mzima anayemsikiliza na kumjibu. Hilo la mwisho halihitaji cheti.

Sasa tuje kwenye shughuli. Kuanzia sasa hadi shule zifungwe, walimu wanaweza kufanya mengi kwa vitu tulivyo navyo, mradi mzazi atie mkono.

Kwanza, mahindi yenyewe. Lete mabua mawili na magunzi machache. Gari la mabua, mwanasesere wa gunzi mwenye nguo ya maganda: wengi wetu tulivitengeneza tukiwa wadogo. Mtoto anapochagua bua la kukata, anapopima gurudumu hili na lile, anajifunza urefu, umbo na subira. Gorogoro tupu ni somo zima la hesabu: ni vikombe vingapi vinaijaza? Nchini Ujerumani, karibu na Novemba 11, watoto wa chekechea hutembea jioni wakiwa na taa za karatasi walizotengeneza, mara nyingi pamoja na wazazi wao. Hata wao kinachohitajika ni karatasi, gundi na mtu mzima mwenye saa moja. Sisi tuna mabua.

Pili, hadithi. Katika mtaa huu kuna Kiturkana, Kibukusu, Kisabaot, Kikuyu na lugha nyingine, na Kiswahili kinatuunganisha. Nyanya anayejua hadithi ya sungura na fisi kwa lugha ya kwao, aje aisimulie kwa lugha hiyo, na mwalimu asaidie kueleza kwa Kiswahili. Mtoto wa Kiturkana akisikia lugha ya mama yake ikipewa kiti darasani, anajua kwamba yeye pia ana kiti. Na mtoto wa jirani anajifunza kusalimia.

Tatu, siku mbili za taifa zinazoangukia msimu huu. Oktoba 10 ni Siku ya Mazingira. Mzazi na mtoto wanaweza kupanda mche mmoja hapa uwanjani, na mtoto akawa na kazi ya kuumwagilia maji jua likiwaka. Oktoba 20 ni Siku ya Mashujaa. Watoto wakiulizwa shujaa wao ni nani, msishangae wakichora mama mwenye gunia kichwani.

Baba zangu, hapa nawageukia nyinyi. Ukitazama mikutano ya wazazi, viti vingi vimekaliwa na akina mama. Baba anayetengeneza baiskeli, anayeshona viatu, anayepima vyuma vikuukuu, ana somo mikononi. Njoo na baiskeli yako, onyesha watoto jinsi mnyororo unavyozungusha gurudumu. Nusu saa tu kabla hujaenda kazini. Mtoto atalizungumzia jambo hilo mwezi mzima.

Nakumbusha pia mambo matatu ya usalama, maana mavuno huja na hatari zake. Punje za mahindi na maharagwe hupenda kuingia puani, masikioni na kooni mwa watoto; wadogo kabisa wasizichezee, na wakubwa kidogo wazihesabu mtu mzima akiwa karibu. Dawa ya kuhifadhia mahindi isihamishiwe kwenye chupa ya soda, wala isiwekwe mahali mtoto anapofikia. Na mkichanga mahindi ya uji wa kituo, changeni yaliyokauka vizuri na kuchaguliwa. Mahindi yenye ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha. Mwaka 2004 watu zaidi ya 120 walifariki katika maeneo ya Ukambani kwa kula mahindi ya aina hiyo. Afadhali kikombe kimoja cha mahindi safi kuliko debe la yaliyooza.

Najua mtakalouliza: nitafikaje kituoni nami niko shambani tangu alfajiri? Ni swali la haki. Hatuwezi kumwambia mtu aache kibarua siku ya kibarua. Ninachopendekeza ni zamu. Wazazi kumi wakigawana siku, kila mmoja anafika mara moja kwa wiki mbili. Anayeenda shambani Jumatatu anajua Mama Nekesa yuko kituoni. Siku ya Mama Nekesa kwenda kuvuna, mwingine yuko hapa. Na asiyeweza kufika kabisa, amwulize mtoto usiku swali moja tu: "Leo mmetengeneza nini?" Kisha amsikilize hadi mwisho. Huko pia ni kushiriki.

La mwisho ni la kazi yangu. Mzazi anayekijua kituo kwa ndani ndiye shahidi bora wa mahitaji yake. Sheria inataka Mpango wa Maendeleo wa kila mwaka wa kaunti ufikishwe katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kabla ya bajeti kupitishwa, wananchi wana haki ya kutoa maoni katika vikao vya ushiriki wa umma. Nimepiga picha katika vikao vingi vya aina hiyo. Wanaozungumzia barabara ni wengi; wanaozungumzia watoto wa miaka mitatu ni wachache. Mzazi akisimama na kusema, "Nimekaa katika kituo hicho siku sita, paa linavuja upande wa kushoto na choo hakina mlango wa kimo cha mtoto," maneno hayo yanaandikwa. Na yakishaandikwa, mna jambo la kutuuliza mwaka unaofuata.

Sikuja na ahadi ya jengo, na mngekuwa na haki ya kunitilia shaka kama ningeileta. Nimekuja na ombi dogo. Wiki ijayo, unapomleta mtoto, usiishie mlangoni. Ingia. Kaa kwenye kile kiti kidogo, magoti yakigusa kidevu. Uwe na bua moja mkononi.

Mimi nami nililijibu swali la mtoto wangu. Nilirudi kwa mwalimu wake nikaomba siku nyingine, nikawafundisha watoto kutengeneza gari la mabua. Gurudumu moja lilikatika kabla ya kufika mlangoni. Walicheka sana, kisha wakatengeneza lingine wenyewe.