Maneno juu ya Mbwa Mdogo wa Kuwinda

Leo sitasema juu ya pamba wala muhogo. Nitasema juu ya mbwa.

Misitu ya Kongo ina mbwa mdogo wa kuwinda, mwenye masikio ya kusimama na mkia wa kujikunja mgongoni. Wazungu humwita Basenji. Mwaka 1895 walipomwonyesha London walimwita Congo Terrier.

Tazameni tabia yake. Habweki kama mbwa wengine. Hutoa sauti kama ya wimbo. Kwa hiyo wawindaji humfunga njuga shingoni, wapate kujua yuko wapi porini. Hujilamba mwili kama paka. Ana akili, lakini hapendi kulazimishwa. Ukimpiga, atakukimbia.

Mpeni chakula kila siku, ugali na dagaa, na maji safi. Mwanamume akienda kuchimba dhahabu Kamituga, asiache mbwa bila mtu wa kumlisha. Mbwa mwenye njaa hutangatanga, naye anayetangatanga huumwa na mbwa wengine.

Kwa nini nasema mjue tabia ya mbwa wenu? Kwa sababu ugonjwa wa kichaa huonekana kwanza katika tabia. Mbwa mpole anakuwa mkali bila sababu. Mbwa mkali anakuwa mpole kupita desturi yake, au anajificha gizani. Kisha mate yanamtoka, taya linalegea, hawezi kumeza. Usitie mkono kinywani mwake ukidhani mfupa umemkwama. Mate yale ndiyo yenye ugonjwa.

Mbwa akimwuma mtoto, osheni kidonda kwa sabuni na maji mengi, dakika 15. Msitie majivu wala majani. Siku ile ile mpelekeni hospitali, achomwe sindano. Msingoje kuona kama ataugua. Kichaa kikiisha kuonekana katika mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini sindano ikiwahi, huokoa. Tarehe 6 Julai 1885, huko Ufaransa, Louis Pasteur alianza kumtibu Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa, naye hakuugua.

Mbwa naye achomwe sindano yake akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka. Anayemlinda mbwa wake anawalinda watoto wa kijiji kizima.

Maneno yangu yamekwisha.