Kujifunza Kuendesha Lori la Trela

(Maneno ya mazungumzo kwa vijana na wazazi wa Voi na Taita Taveta)



Leo napenda kusema nanyi juu ya kazi ambayo vijana wengi wa hapa huitamani tangu utoto wao, yaani kuendesha lori kubwa lenye trela. Si ajabu wakiitamani. Mji wa Voi umekaa penye njia panda. Upande mmoja iko barabara ya Mombasa, yapata kilomita 150. Upande wa pili ni ya Nairobi. Na upande wa tatu ni ile ipitayo Mwatate na Maktau hata Taveta, ambako tangu 2016 gari livukalo mpaka kwenda Holili hukaguliwa mahali pamoja na maofisa wa Kenya na wa Tanzania. Mtoto wa Voi hulala na kuamka akisikia ngurumo za malori.

Lakini kutamani ni jambo moja, na kujua ni jambo jingine. Madereva wengi wa zamani walianza kwa kuwa utingo. Kijana alifunga turubai, alibadili magurudumu, alipika chai, na siku dereva alipochoka alipewa usukani. Njia hiyo imetoa madereva hodari, nasi hatuwadharau. Lakini ina hatari yake: utingo hurithi ujuzi wa bwana wake, na kasoro zake pia. Akiwa bwana wake hakagui breki asubuhi, yeye naye hatazikagua. Ndiyo sababu yafaa kijana aende katika shule ya udereva iliyo na trela na uwanja wa kutosha.

Je, huko hufundishwa nini? Kwanza hafundishwi kwenda, bali kukagua. Breki za lori kubwa hutumia upepo. Injini hujaza upepo katika matangi, na dereva husoma kipimo chake kabla ya kuondoka. Upepo ukipungua sana, breki hujifunga zenyewe. Tena hufundishwa kuunganisha kichwa na trela. Hurudi nyuma taratibu, hata ile nguzo fupi ya chuma iliyo chini ya trela ikamatwe barabara na sahani iliyo nyuma ya kichwa. Kisha huunganisha mipira ya upepo na nyaya za taa, hupandisha miguu ya trela, na hushuka kutazama kwa macho yake kama kufuli imefunga. Trela iliyoachana na kichwa barabarani haina dereva wa kuizuia.

Baada ya hayo huja somo linalowatoa jasho wengi, nalo ni kurudi nyuma. Ukitaka mkia wa trela uende kulia, huna budi kuanza kwa kuzungusha usukani kushoto. Mikono iliyozoea gari dogo hukataa kabisa. Mwanafunzi atarudia somo hili siku nyingi, na mwalimu mwema hatamwonea haya kumwambia, "Shuka, tazama, kisha anza tena."

Lakini somo kubwa kupita yote ni uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huruhusu lori la ekseli saba kufikia tani 56, gari na mzigo wake pamoja, na katika mizani ya Mariakani uzito huo hupimwa. Uzito kama huo hausimami kwa kutaka kwako. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nafasi ya kusimamia huongezeka yapata mara nne. Ndiyo maana sheria imewawekea malori makubwa kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Na katika mteremko, dereva aliyefundishwa huingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, injini ikalizuia gari. Asiyefundishwa huliachilia liserereke bila gia ili apunguze mafuta, akitegemea breki peke yake. Nazo zikipata moto mwingi hazishiki tena.

Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori lililobeba kontena liliacha njia likagonga magari na watu waliokuwa kando ya barabara wakifanya biashara zao. Watu zaidi ya 50 walikufa. Sikusudii kumhukumu mtu yeyote. Nakumbusha tu kwamba kando ya barabara yetu pia, pale Maungu na hapa Voi, mama zetu huuza matunda.

Jambo la mwisho ni usingizi. Sheria ya Kenya humkataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Barabara zetu hupita katika nchi ya Tsavo, na usiku ndovu huvuka lami bila taa. Mwenye usingizi hamwoni ndovu, wala hamwoni mtu.

Wazazi wengine huuliza, "Je, kazi hiyo itakuwapo, na reli mpya imekuja?" Ni kweli kwamba tangu 2018 makontena mengi yalipelekwa kwa treni, na malori mengi yakakosa mzigo, baadaye, Septemba 2022, wenye mizigo waliruhusiwa tena kuchagua. Lakini reli hiyo mpya haifiki Taveta, wala haiingii katika mashamba ya mkonge. Mzigo wa huko wahitaji lori, na lori lahitaji mtu mwenye maarifa.

Basi msiwatafutie wana wenu njia ya mkato. Leseni ya lori lenye trela, daraja CE, hufikiwa kwa kupanda ngazi, daraja baada ya daraja. Kabla ya kulipa ada, nendeni shuleni mkaulize: trela iko wapi, na kila mwanafunzi huishika saa ngapi? Leseni iliyonunuliwa humridhisha askari wa barabarani, lakini mteremko hausomi leseni. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa barabarani hausamehe.