Pima kwanza: umeme wa pikipiki, na buti za motari

Mazungumzo ya fundi wa chama mbele ya wanachama, Goma. Tumeyaandika karibu na jinsi alivyoyasema.



Tangu kambi za pembeni ya Goma zilipovunjwa Februari 2025, watu wetu wengi walirudi Kibumba, Rutshuru, Sake na vijiji vya Masisi. Wengine walikuta nyumba haina bati na shamba limekuwa pori. Shamba linangoja msimu, lakini tumbo halingoji, na kwa wengi pikipiki njo ilileta franga ya kwanza. Sasa pikipiki ya mkopo iko na malipo yake ya kila jioni. Ikilala kwa fundi siku tatu, deni halilali.

Leo sitaongea injini. Nitaongea umeme, sababu kwenye umeme pesa zetu zinaibwa bila mwizi. Motari anakuja: "Fundi, batri imekufa." Ananunua mpya. Wiki mbili, mpya nayo inakufa. Anaambiwa ni regilateri, ananunua. Bado. Mwishowe inaonekana ni waya wa masi ulioota kutu pale unapofungwa kwenye chuma cha pikipiki, kazi ya brashi na dakika kumi. Amelipa vitu viwili vilivyokuwa vizima.

Dawa ni hii mita ndogo. Bei yake haifiki bei ya batri. Weka kwenye volti za batri, nyekundu kwa chanya, nyeusi kwa hasi, na upime mara tatu.

Ya kwanza, asubuhi kabla ya kuwasha. Batri nzima ya volti 12 inasoma 12.6 mpaka 12.8. Ikisoma 12.0 iko karibu tupu. Tupu si kufa, musikie vizuri. Ichaji kwanza, halafu uihukumu. Ya pili, unapobonyeza starta. Ikianguka chini ya 9.5 na ulikuwa umeichaji vizuri, hapo ndiyo batri yenyewe imechoka. Ya tatu njo kubwa: injini inaunguruma, umeongeza mafuta kidogo. Unataka kuona kati ya 13.5 na 14.8. Ikibaki 12 na kitu, umeme haufiki kwenye batri, na ukinunua batri kumi zote zitakufa. Ikipita 15, regilateri imeshindwa kuzuia: itachemsha batri na kuunguza ampuli moja baada ya nyingine. Motari anayebadilisha ampuli ya mbele kila mwezi anasema barabara ni mbaya. Barabara ni mbaya, ndiyo, lakini apime.

Sasa kama umeme haufiki, musikimbilie stata, zile koili za ndani zinazotengeneza umeme. Anza na masi. Washa taa ya mbele, weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya batri na nyingine kwenye chuma cha injini. Ukisoma zaidi ya 0.2, masi ni mbovu. Fungua, kwangua mpaka chuma king'ae, funga, paka grisi. Halafu fungua soketi ya regilateri uiangalie kwa macho: plastiki ikiyeyuka au kugeuka kahawia, ugonjwa uko pale. Na mtu akikuambia stata imeungua kwa sababu waya yake inasoma masi, mwambie angoje. Pikipiki ndogo nyingi zimefungwa hivyo tangu kiwandani.

Kwa nini waya zetu zinaoza haraka kuliko za watu wengine? Angalieni juu. Moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira una gesi ya salfa, ikikutana na mvua inakuwa tindikali. Inayotoboa mabati yetu njo inakula shaba ya waya. Ongeza vumbi jeusi, ongeza mtikisiko wa haya mawe ya volkano, makoro, ambayo tangu 2002 yako chini ya mitaa mingi tunayopitia. Kila miezi mitatu, fungua soketi zote, safisha, paka grisi kidogo. Hiyo hailipiwi.

Kuna ugonjwa mwingine ambao unawasumbua hasa watu wa njia ya Sake. Pikipiki inazimika ukikata kona, halafu inawaka tena kama hakuna kitu. Wengine wanasema petroli ina maji. Simamisha, washa, iache iungurume, geuza usukani polepole mpaka mwisho wa kushoto, halafu kulia. Ikizimika upande mmoja, waya imechunika pale shingoni. Pikipiki nyingi za hapa zinazimwa kwa kupeleka waya mmoja kwenye masi. Ukichunika na kugusa chuma, injini inaamini umebonyeza kitufe cha kuzimia. Kanda ya umeme na kipande cha mpira wa tairi ya ndani vinatosha.

Fyuzi. Naona wengine wanaanza kuangalia chini. Fyuzi ikikatika, musifunge kikaratasi cha sigara wala kipande cha waya. Fyuzi ilikatika ili nyaya zisiungue, na chini ya tangi kuna nini? Chukua ampuli ya zamani ya mbele, uiunge mahali pa fyuzi. Kama inawaka kwa nguvu, kuna waya mahali inagusa chuma. Tikisa nyaya kidogo kidogo, sehemu kwa sehemu. Pale ampuli inapofifia, umefika. Kwa njia hiyo hauteketezi fyuzi kumi kutafuta kosa moja.

Na hizi taa za kuongeza, redio, chaja za simu tatu... Taa moja ya wati 55 inakula karibu ampea nne na nusu. Pikipiki ndogo haikutengenezwa kulisha disko. Ukipima ile mara ya tatu na taa zote zikiwa zimewashwa, mita itakuambia kama unachaji au unakula akiba.

Sasa miguu. Mama mmoja aliniuliza kwa nini fundi wa umeme anaongea viatu. Ni kwa sababu motari aliyevunjika kisigino haleti malipo pia, na nusu yenu muko hapa na kamambili.

Bote za mpira ni nzuri kwa mvua, na ni bora mara mia kuliko kamambili. Lakini hazishiki kifundo, zinachemsha mguu, na zikigusa bomba la moshi zinayeyuka. Ukipata buti ya mtumba sokoni Virunga au Birere, usiangalie kwanza rangi. Shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, ukamue kama unakamua nguo. Ikijikunja kama kitambaa, pikipiki ikikulalia na mguu utajikunja hivyo. Ipite mifupa ya kifundo. Bonyeza soli kwa ukucha: soli zingine zilizokaa miaka mingi stoo zinaonekana mpya, lakini zinamegeka kama mkate, na utazipoteza njiani wiki ya kwanza.

Jaribu mchana au jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo na kazi, ukiwa na soksi utakazovaa. Mbele ibaki nafasi ya upana wa kidole. Halafu panda pikipiki, ya mtu yeyote, muuzaji akubali au akatae, na uingize ncha chini ya pedali ya vitesi. Buti za ujenzi zenye chuma mbele mara nyingi ni nene, haziingii, na motari anaanza kuinua mguu mzima kubadilisha vitesi. Hapo utachoka kabla ya saa sita. Kamba uzichomeke ndani, maana kamba ikishikwa na pedali unaposimama, unaanguka pikipiki ikiwa imesimama, na watu wanacheka. Zikilowa, jaza makaratasi ndani, usiziweke kando ya mbabula, gundi itaachia.

Wafadhili wetu, ombi moja. Mukitaka kutuma buti, tuulizeni namba kwanza. Wengi wetu ni 40 mpaka 43. Na kabla ya batri mpya, tutumieni mita.

Kwa sasa mita za chama ni mbili. Moja inabaki hapa Goma kwa mweka hazina, nyingine inatoka na watu wa Kibumba Jumatatu, inarudi Ijumaa ikiwa na batri yake ndogo ndani. Anayeichukua anaandika kwenye daftari alipima nini na alisoma ngapi. Tukikutana mwezi ujao tutaanza na daftari hilo. Sasa leteni ile pikipiki nyekundu, tuipime mbele ya watu wote.